Nafasi kati ya Nguo na Nguo

Makoti mazito ya sufu huingia Morogoro yakiwa ndani ya belo, yameshindiliwa mpaka mikono imelala bapa na kola zimesahau umbo lake. Kabla ya hapo yalivaliwa Ujerumani, Uingereza, Kanada au Marekani, katika miezi ya Oktoba na Novemba, miti ya huko inapovua majani na watu wanapofunga safari kwenda kuyatazama yakigeuka manjano na mekundu. Mwenye koti alilinunua kwa msimu ule, akalivaa miaka michache, akalichoka. Likapita kwenye mifuko ya hisani, maghala ya kuchambulia, kontena na bandari, likatua juu ya turubai mjini Morogoro, kwenye joto linalomfanya mpita njia ashangae nani atalinunua. Anayelinunua ni mtu anayepanda mlima. Na kabla hajapanda nalo, hulipitisha kwa fundi.

Fundi ninayemsimulia hapa ni mama wa makamo mwenye cherehani ya miguu, anayefanya kazi kwenye kibaraza cha duka la watu, upande wa mji unaotazama kilele cha Lupanga. Mwaka mzima hushona sare za shule, magauni ya sherehe na suruali za kupunguza. Lakini masika yakishapita na kipupwe kikikaribia, meza yake hujaa masweta na makoti. Watu wa Mgeta, Bunduki na Tchenzema, huko mlimani, wanajua baridi ya Juni na Julai haibishi hodi. Wapo pia wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sokoine wanaokwenda porini kwa utafiti, waongoza wageni, na siku hizi watalii wa ndani wanaoteremka kwenye treni ya umeme iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024. Hao wa mwisho huja na shati moja la pamba na matumaini.

Ili kuielewa kazi ya huyu mama, lazima kwanza uuelewe mlima wenyewe, Uluguru. Morogoro, mji kasoro bahari, uko mita 500 hivi juu ya usawa wa bahari. Lupanga, kilele kinachouinamia mji, kina mita 2,138. Nyuma yake, kuelekea kusini, kuna uwanda wa Lukwangule na kilele cha Kimhandu kinachopita mita 2,600. Kwa wastani joto hupungua kiasi cha nyuzi 0.6 kila unapopanda mita 100. Aliyeondoka mjini akijipepea atakuta juu kule pana baridi zaidi kwa nyuzi 12 au zaidi, na hapo hujaongeza upepo, ukungu na saa za alfajiri. Upande wa mashariki, unaopokea upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi, kuna sehemu zinazopata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka; ndiko yanakotoka maji yanayoujaza Mto Ruvu na kuinywesha Dar es Salaam. Kwa hiyo msafiri wa Uluguru havai kwa ajili ya hali moja ya hewa. Anavaa kwa ajili ya jua la Bigwa pale chini, jasho la mteremko, ukungu wa msituni na baridi ya kileleni, vyote ndani ya siku ile ile, na kila alichovua lazima akibebe mwenyewe.

Fundi huanza na pua. Huligeuza sweta nje ndani, hulinusa, kisha huvuta mshono wa ubavuni kwa vidole gumba viwili kuona kama uzi umeoza. Hupenyeza mkono ndani na kulinyanyua kwenye mwanga. Matundu ya nondo, ambayo ukilitazama juu ya meza huyaoni, hujitokeza yote. Lebo huisoma lakini haiamini sana, kwa sababu nyingi zimefutika au zimekatwa. Anachokiamini ni moto. Huchomoa uzi mmoja kutoka ndani ya pindo, huushika kwa koleo dogo na kuuwasha kwa kiberiti. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua, hujizima yenyewe mwali ukiondolewa, na huacha jivu linalosagika kidoleni. Akriliki na poliesta huyeyuka, kisha huganda kuwa punje ngumu. Pamba huwaka haraka na kunuka karatasi. Jaribio hilo huchukua muda mfupi kuliko kupatana bei, na baada yake anajua sweta hilo litakuwa nguo ya tabaka lipi.

Maana tabaka ndilo jambo lenyewe. Nguo haina joto lake; joto ni la mwili. Kinacholizuia lisikimbie ni hewa iliyotulia kati ya nyuzi, na kati ya nguo moja na nyingine, kwa sababu hewa isiyotembea hupitisha joto polepole mno. Maji hulipitisha takriban mara 25 kuliko hewa, ndiyo maana shati la pamba lililolowa jasho humtesa mtu akisimama kupumzika kwenye upepo. Sufu ina tabia ya kipekee: huweza kunyonya unyevu hadi karibu theluthi ya uzito wake kabla mvaaji hajahisi kwamba imelowa. Poliesta hainyonyi, lakini hukauka upesi. Fundi hasemi maneno haya. Yeye husema fulana ya ndani iwe ile ‘isiyoshika jasho’, sweta la sufu likae katikati, na koti libaki juu ‘la kupigana na upepo’. Ni elimu ile ile, ila yake imepimwa kwa wateja waliorudi kulalamika na wateja waliorudi kushukuru.

Siku moja kijana mmoja alimletea koti refu jeusi la sufu, la kiume, zuri kweli, lililotengenezwa kwa ajili ya mtu mwenye mabega mapana na baridi ya mjini. Alitaka lipunguzwe.

“Shikamoo mama. Naomba unibanie hili, likae mwilini.”

“Marahaba, mwanangu. Unakwenda nalo wapi?”

“Nyandira. Nafundisha huko.”

“La kubana livae mjini. La Nyandira nenda kwanza kavae sweta lako, ndipo uje nikupime.”

Hapo ndipo nilipoiona siri ya ufundi wake. Wengi wetu hupimwa tukiwa na shati jepesi, utepe ukikigusa kifua. Yeye hampimi mtu hivyo kwa nguo ya mlimani. Humtaka avae kila kitakachokuwa chini ya koti, kisha humwambia ainue mikono, ainame kama anayeshika jembe, ajikunyate kama anayepigwa na upepo. Kwa mama mwenye mtoto mchanga humwambia ambebe mgongoni, amfunge khanga, ndipo utepe upite juu ya wote wawili. Chaki yake haifuati mwili. Hufuata mwendo wa mwili. Koti likibana juu ya sweta, hewa iliyomo hufinywa na kutolewa, na kitambaa kizito chenye thamani yake yote kinakuwa hakina kazi. Likipwaya mno, upepo huingia chini na kuifagia hewa hiyo. Kati ya kubana na kupwaya kuna nafasi ndogo, nayo ndiyo anayoishona.

Sehemu ngumu ni kwapa. Makoti mengi ya mitumba yameshonwa kwa ajili ya mtu anayetembea mikono ikiwa chini, anayeingia garini na kutoka. Mtu wa Uluguru hunyanyua mikono: hushika mti kwenye mteremko, hutua mzigo kutoka kichwani, huvuna. Akinyanyua, koti zima hupanda na kiuno hubaki wazi kwa ukungu. Fundi hufumua mshono wa kwapa na kutia kipande kidogo cha pembe nne, kilichokatwa kwa mshazari ili kivutike. Ni wazo la zamani katika ushonaji wa nguo pana, na kulitia kwenye koti lililokwisha kushonwa kiwandani, lenye bitana ndani, kunataka subira. Hufumua kwa wembe, uzi mmoja baada ya mwingine, akiuegemeza wembe upande wa uzi na si upande wa kitambaa. Nilipokuwa pale aliacha kuzungumza kabisa alipofika kwenye kona, na mimi nikanyamaza pia.

Bitana haiondoi hata ikichanika. Huipachika kiraka. Utelezi wa bitana ndio unaomwezesha mtu kuvaa koti juu ya sweta bila mikono ya sweta kukunjamana hadi kwenye viwiko, na aliyewahi kuvaa haraka huku mvua ikishuka kutoka kilele cha Bondwa anajua thamani ya utelezi huo. Zipu anazitilia shaka. Zipu ikiharibika mlimani imeharibika, husema, lakini kishikizo kikikatika utakishona kwa sindano uliyoichomeka kwenye kola. Kwa hiyo huchomeka sindano kwenye kola, ndani, ikiwa imezungushiwa uzi mweusi, bila kuambiwa wala kutoza kitu.

Masweta yana adabu yake tofauti. Kitambaa kilichofumwa kikikatwa hovyo, vifundo hufunguka mstari kwa mstari. Kabla mkasi haujagusa, hupiga mistari miwili ya mshono mwembamba wa zigizaga pembeni mwa pale atakapokata, na chini ya sweta hutandika karatasi laini ili meno ya cherehani yasilivute likawa na mawimbi. Akimaliza huipasua karatasi. Ndipo hukata. Ukitazama mshono wake baadaye, ndani umelala na nje hauonekani.

Sweta lililooza mabegani halitupwi. Kuna masweta yaliyofumwa kila kipande kwa umbo lake kisha yakaunganishwa. Hayo ukipata mwanzo wa uzi hufumuka yote na kukupa uzi mrefu usiokatika. Mengine yalikatwa kutoka kitambaa kipana, na uzi wake ni vipande vifupi visivyofaa. Yeye huzitambua aina hizo mbili kwa kutazama mshono wa ubavuni tu. Uzi mzuri huuzungushia mgongo wa kiti, huufua, huutundika na uzito chini ili makunyanzi yanyooke, kisha jioni huufuma kofia za watoto wachanga. Mabaki ya pindo la koti huyazungusha kuwa kata ya kichwani, nene na isiyoteleza, kwa mama anayebeba tenga. Nimeona kata iliyotoka kwenye koti ambalo bila shaka lilikuwa ghali huko lilikotoka, na sikuona kwamba limeshushwa hadhi.

Akina mama wa Mgeta wanaobeba matenga ndio, kwa maoni yangu, mabingwa wa kufungasha kwa safari ya baridi, na fundi mwenyewe anakiri kwamba alijifunza kwao. Wanaondoka Nyandira gizani, juu ya gari lililojaa kabichi, karoti na maharage mabichi, wanateremka kupitia Langali mpaka Sangasanga, na jua likiwa kali wako mjini, kwenye Soko Kuu la Chifu Kingalu. Soko hilo limepewa jina la watemi wa Kinole, ambao Waluguru waliwaheshimu kwa uwezo wa kuita mvua. Watazame wanavyoanza safari. Khanga moja imefungwa kiunoni, nyingine imemfunga mtoto, ya tatu iko mabegani juu ya sweta, na kitenge kizito kimezunguka yote. Kadiri gari linavyoteremka vitu hivi huvuliwa kimoja kimoja kutoka juu, na hakuna kinachokuwa mzigo. Kitenge kinakuwa tandiko la kupangia bidhaa. Khanga ya mabegani inakuwa kivuli cha mtoto. Sweta hufungwa kiunoni kwa mikono yake. Jioni, njia ya kupanda, kila kimoja hurudi mahali pake kwa mpangilio ule ule uliogeuzwa. Begi halipo. Yapo maduka mazuri duniani yanayouza nguo za tabaka kwa wapanda milima, na sijaona humo kitu kinachoishinda doti ya khanga kwa kazi nyingi na uzito mdogo.

Wanaotafuta rangi za majani, kama wale waliovaa makoti haya kwanza, huambiwa waende Vermont au Bavaria. Nasi tunazo, na ziko karibu na hapa. Kuanzia Septemba hadi Oktoba, kabla mvua za vuli hazijaanza, misitu ya miombo kwenye barabara ya kwenda Mikumi na kuelekea Kilosa huchipua majani mapya, na majani hayo huanza maisha yakiwa mekundu, rangi ya shaba, rangi ya divai, mengine ya waridi, ndipo hugeuka kijani. Kule kaskazini klorofili huvunjika jani linapozeeka, manjano iliyokuwa imefichwa inaonekana, na miti mingine hutengeneza rangi nyekundu iitwayo anthosianini kabla ya kuangusha jani. Miombo hutia rangi hiyo hiyo kwenye jani changa, wakati klorofili bado haijajaa. Miti hii hufanya hivyo ardhi ikiwa imekauka, kwa maji iliyoyaweka akiba, kana kwamba ina hakika na mvua ambayo mtu bado haioni mawinguni. Mlimani kwenyewe msitu ni wa kijani mwaka mzima, lakini miti ya plamu na pichi ya Mgeta hupukutisha majani wakati wa baridi, na mjini mikungu huyageuza mekundu na kuyamwaga barabarani.

Huo wa Septemba na Oktoba ndio wakati ninaoupenda kwa safari, na ndio wakati mgumu kuliko yote kwa kufungasha. Bondeni kiangazi kinaelekea mwisho na joto limeshika. Ukitazama miombo barabarani unataka kuvaa fulana tu. Siku hiyo hiyo ukipanda kutoka Bunduki, ukungu utakukuta msituni na ukifika juu vidole havifungui vishikizo. Wageni wengi hukosea kwa kubeba nguo moja nene sana. Wakiivaa wakati wa kupanda hulowa jasho ndani yake, wakiivua huganda. Fundi akiletewa jaketi kubwa la aina hiyo hufanya jambo lililonishangaza mara ya kwanza: huligawa. Hufumua bitana ya manyoya na kuishona kuwa kizibao kinachojitegemea, na ganda la nje hulirudisha likiwa jepesi. Mteja aliyekuja na nguo moja hutoka na mbili, na uzito haujaongezeka.

Najua mjadala wa mitumba, na sioni fahari nchi inayolima pamba kusafirisha sehemu kubwa ya pamba hiyo ikiwa ghafi kisha ikavaa nguo zilizochokwa na wengine. Machi 2016 viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba sokoni hatua kwa hatua ifikapo 2019. Marekani ikatishia kuondoa unafuu wa ushuru chini ya mpango wa AGOA. Kenya, Uganda na Tanzania zikarudi nyuma, Rwanda ikashikilia msimamo, na mwaka 2018 nguo zake zikasimamishiwa unafuu huo. Tuna viwanda, kimoja kikiwa Morogoro hapa hapa, kinachotoa khanga na vitenge, na natamani vingekuwa vingi zaidi. Lakini katika mjadala ule sikusikia mafundi wakitajwa. Watu walizungumza kana kwamba nguo hutoka kwenye belo moja kwa moja hadi mwilini. Aliyelikata koti lile Ulaya hakuijua Lukwangule; hakujua kwamba mvaaji atabeba tenga, atabeba mtoto, atashika mizizi ili apande. Maarifa hayo yameongezwa Morogoro, kwa mkono, na yanastahili kuhesabiwa kama uzalishaji.

Kufungasha nako hufundisha, kwa yeyote anayeuliza. Kitu cha mvua kikae juu kabisa, kwa sababu upande wa mashariki, Tegetero na Kinole, mvua haikupi muda wa kupekua begi. Sweta lizungushwe, lisikunjwe, na lifungwe na khanga. Soksi za sufu ni za kulalia; za kutembelea ziwe nyingine, na usizichanganye hata ukishawishika, kwa sababu miguu mikavu usiku ndiyo inayokuamsha ukiwa na nguvu. Koti likivuliwa ligeuzwe ndani nje, ili sufu isilowe na umande wa majani. Tangu mifuko ya plastiki ya kubebea ipigwe marufuku Juni 2019, hushona vifuko vidogo vyenye kamba kutoka kwenye majaketi ya mvua yaliyochanika, kimoja kwa nguo kavu, kimoja kwa zilizolowa, na huvitofautisha kwa rangi ya kamba ili uvitambue kwa tochi.

Mwalimu wa Nyandira alilifuata koti lake mwishoni mwa wiki. Lilikuwa limekatwa juu kidogo ya goti, limetiwa kipande kwapani, na vishikizo vipya vya pembe vilivyotoka kwenye koti jingine. Alilivaa juu ya sweta, akajitazama kwenye kioo cha duka, akafurahi. Fundi hakutazama kioo. Alimwambia ainue mikono, akainua. Ainame, akainama. Akamshika bega, akapitisha vidole viwili chini ya mkono wa kulia, kisha chini ya wa kushoto, na vidole vikakwama.

“Livue,” alimwambia. “Nalifumua tena hili la kushoto. Kunywa chai, halichukui muda.”